Skrini ya mapokezi si TV ya sebuleni

Simu ilinijia usiku wa mechi. "Fundi, njoo uone. Jina la hoteli limebaki uwanjani." Nilipofika nilisimama pale mapokezi na wageni wakinitazama. Mpira ulikuwa ukiendelea kama kawaida, lakini katikati ya nyasi za kijani palikuwa na kivuli cha nembo ya hoteli, na chini yake unasoma bila shida: Kifungua kinywa, saa 12:30 hadi saa 4:00. Ilikuwa skrini ya plasma ya inchi 42, mtumba safi kabisa, na niliichagua mimi mwenyewe. Kwa miezi minane ilikuwa imeonyesha ukurasa ule ule mmoja, mchana na usiku.

Ile kazi niliirudia kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo, mteja akiniuliza bei ya inchi fulani, namuuliza kwanza: itawaka saa ngapi kwa siku, itaonyesha nini, na dirisha liko upande gani?

Plasma ni vioo viwili vyenye vijumba vidogo sana katikati, kila kijumba kina gesi ya neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi inatoa mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo ndio unaoiwasha fosfori, yaani unga unaotoa rangi nyekundu, kijani au bluu. Fosfori huchakaa kadiri inavyowaka. Maandishi meupe yakikaa mahali pamoja miezi kadhaa, fosfori ya hapo inazeeka kuliko ya jirani yake, na hicho ndicho kivuli nilichokiona. Skrini za kibiashara zilikuja na kinga: zinaisogeza picha kidogo kidogo kila baada ya muda, na nyingine zinapitisha mstari mweupe skrini nzima kuisafisha. Inasaidia, ila haiponyi kilichokwisha kuungua.

Hata hivyo siikatai plasma kama wanavyoikataa mafundi wengi. Ukumbini, mtu aliyekaa kiti cha pembeni kabisa anaona rangi zile zile anazoziona wa katikati, wakati LCD (skrini bapa za kawaida zenye taa nyuma yake) nyingi za bei nafuu zinapauka ukizitazama kwa ubavu. Weusi wake ni weusi kweli, na video haiburuzi. Kwenye mafunzo yenye video nyingi bado inanifurahisha.

Tatizo huanza mtu anapoleta slaidi zenye mandhari nyeupe. Plasma haiwezi kuwasha vijumba vyote kwa nguvu kwa wakati mmoja, hivyo inajipunguza yenyewe, na ukurasa mweupe unageuka wa kijivu. Nawashauri watoa mada watumie mandhari ya giza na maandishi ya rangi nyepesi. Picha inang'aa na umeme unapungua. Halafu angalia idadi ya nukta zinazounda picha. Plasma nyingi za inchi 42 zilizouzwa kama HD ni 1024 kwa 768 zilizonyooshwa ziwe pana. Filamu inapendeza, lakini jedwali la hesabu lenye herufi ndogo linasumbua macho.

Kuna jambo lingine nililifahamu Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tulifunga plasma iliyokuwa kimya kabisa Dar es Salaam, kule ikavuma kama mzinga wa nyuki. Gesi ya ndani ina mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje, na hewa hiyo ndiyo inayovibana vioo vikatulia. Ukipanda milimani hewa inakuwa nyepesi, vioo vinalegea na kutetemeka. Watu wa Mbeya na Eldoret, isikilizeni kwanza kabla ya kulipa.

Usafiri nao: isimamishe wima. Ya inchi 50 inaweza kufika kilo 40, na kioo chake ni kikubwa, ukiilaza kwenye gari lililo kwenye barabara ya vumbi unaweza kufika na ufa.

Panasonic ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaacha kuzitengeneza, Samsung na LG zikafuata 2014. Kwa hiyo plasma yoyote utakayouziwa leo imepita miaka kumi, na bodi ya spea itatoka kwenye nyingine iliyokufa. Ukiamua kuinunua, nenda na flashi yenye picha tupu za rangi moja moja: nyeupe, kijivu, nyekundu. Kivuli hujificha kwenye filamu lakini kwenye kijivu hakijifichi. Iache iwake saa nzima, kwa sababu bodi mbovu ya umeme mara nyingi hujionyesha ikishapata joto. Kama ni ya kibiashara, tafuta kwenye menyu idadi ya saa ilizowaka. Mwaka mmoja bila kuzima ni saa 8,760, piga hesabu mwenyewe.

Kwa matangazo ya kusimama siku nzima, nunua LCD ya kibiashara. TV ya nyumbani huwa na mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 250 hadi 350 hivi. Mapokezi yenye mwanga yanataka 500, na skrini inayotazama barabarani kupitia kioo inataka 2,500 au zaidi, la sivyo mchana watu wataona nyuso zao tu. Soma dhamana: imeandikwa saa 16 kwa siku au 24? Wengi hawajui kwamba dhamana ya TV ya nyumbani mara nyingi haihusu matumizi ya biashara. Kama utaisimamisha kwa urefu, hakikisha mtengenezaji ameruhusu, maana joto hupanda na matundu yake yamepangwa kwa upande mmoja.

Na sifa ninayoipenda kuliko zote haionekani dukani: umeme ukikatika na kurudi, skrini ijiwashe yenyewe na irudi kwenye tangazo lililokuwepo. Nimeona hospitali ambako skrini ya foleni ilikaa nyeusi asubuhi nzima kwa sababu rimoti ilikuwa imefungiwa kwenye droo na mwenye ufunguo yuko likizo. Wagonjwa walikuwa wakiitwa kwa sauti, wazee wasiosikia vizuri wakapitwa na zamu zao. Muuzaji akikuambia ina sifa hiyo, ichomoe plagi mbele yake, uirudishe, usubiri.

Ile plasma ya hoteli haikutupwa. Iko kwenye kibanda umiza mtaani kwetu, vijana wanakijaza kila wikiendi. Kivuli kimefifia kwa kuonyesha picha zinazotembea, lakini kamera ikionyesha uwanja mzima bado unaisoma ile saa 4:00 karibu na goli la kulia.