Soma kibati cha mota kabla ya kununua swichi

Mdogo wangu unayeanza ufundi umeme hapa Mwanza, siku moja utaitwa kwenye nyumba ya mlimani, Isamilo au kule Bugando, ambako maji hayafiki tangi la juu mpaka yasukumwe na pampu. Ukifika, usichomoe swichi yoyote uliyoikuta kwenye begi. Mimi nilichomoa.

Pampu ilikuwa ya hospawa moja, nikaifungia swichi ya taa ya ampea 10. Kwa volti 230, pampu ya namna hiyo ikishazunguka inakula ampea tano au sita, nikaona nimebakiza nafasi ya kutosha. Nilisahau kwamba mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hizo, japo kwa muda mfupi. Kila ikiwashwa, cheche. Wiki ya tatu vibati vya ndani ya swichi vikagandana: mama mwenye nyumba anazima, pampu inanguruma tu. Kisima cha chini kikakauka, sili inayozuia maji kuvuja kwenye pampu ikaungua, na gharama nikalipa mimi.

Siku hizi nafunga kontakta, yaani swichi nzito inayovutwa kwa sumaku ya koili, na ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikivuta kupita kiasi. Kitufe kinaamrisha koili, mzigo unapita kwenye kontakta. Ovalodi naipanga kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, kile cha maelezo kilichobandikwa mwilini mwake. Ikidondoka ovyo, yaani ikikata umeme kila mara, kuna mafundi huizungusha juu ili iache usumbufu. Ukifanya hivyo umeiua mota. Tafuta kilichobana, au pima kama volti imeshuka. Ukiwa na vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima, umeme ukikatika na kurudi pampu haijiwashi yenyewe. Kisima cha chini nacho kiwekee swichi ya floti ya kukata umeme wa pampu maji yakipungua.

Dima ya taa, ile swichi ya kupunguza mwanga, usiifunge kwenye pangaboi. Litaunguruma na kupata joto, na lina regyuleta yake dukani. Hata taa za LED si zote zinakubali dima, soma boksi. Nyumba zetu za ngazi za mawe zinataka swichi za njia mbili, moja chini na moja juu, wazee wasipapase gizani.

Na swichi ikate laivu, waya unaoleta umeme, kamwe isikate nyutro, waya wa kuurudisha. Ukiitwa kwa sababu taa ya LED inamulika kidogo usiku ilhali imezimwa, mara nyingi nimekuta aliyetangulia alikata nyutro. Chukua testa, pima hapo kwanza kabla hujamuuzia mtu globu mpya.