Kusafisha kaboni kwenye Golf GTI: inategemea injini

Ndugu, umeuliza kama Volkswagen Golf GTI yako ya 2010 inahitaji kusafishwa kaboni. Kwa gari hilo nasema ndiyo, bila kusita. Injini yake hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na petroli hata siku moja. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa hunata juu yake, ukaungua na kuwa ukoko mweusi, mgumu. Ndiyo maana asubuhi gari linatetemeka, mzunguko wa injini hautulii gari likiwa limesimama, na nguvu inapungua kidogo kidogo mpaka unazoea.

Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki kwenye valvu hizo, usipoteze hela. Manifodi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) lazima ifunguliwe, kisha ukoko upulizwe kwa hewa yenye chenga za maganda ya jozi (walnut), valvu ikiwa imefunga kabisa ili chenga zisiingie kwenye silinda. Hapo ndipo utaalamu wa fundi unapoonekana.

Huyo rafiki yako mwenye Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 asiige. Kwake petroli hupita juu ya valvu na kuziosha. Gari likimsumbua, aanze na plagi na filta ya hewa.