Kabla hujabadili dawa ya kusafishia filamu, soma namba za pembeni

SWALI: Fundi, natumia HP5 Plus, filamu ya Ilford ya nyeusi na nyeupe yenye spidi 400, na kuisafisha mwenyewe kwa dawa ya ID-11 niliyozimua 1+1, yaani sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji. Negativu zinatoka nyepesi mno, penye kivuli hapana kitu, na nikiskani chembe zinajaa kama mchanga. Rafiki yangu anasema ID-11 ni dawa ya wanafunzi, nihamie Rodinal. Kuna na mtu anayeuza dawa aliyoitunga mwenyewe. Anadai inatoa chembe ndogo, picha kali, na inapandisha filamu ya spidi 400 hadi 3200. Ninunue ipi?

JIBU: Usinunue chochote kwanza. Chukua ukanda mmoja wa negativu zako, uweke juu ya karatasi nyeupe penye mwanga, kisha achana na picha zenyewe. Tazama ukingoni, nje ya vitundu. Utaona jina la filamu na namba za fremu. Maandishi hayo yamepigwa kwa mwanga kiwandani, kabla filamu haijaingia kwenye kamera yako. Lenzi yako haikuhusika nayo, wala mita yako ya mwanga, wala mkono wako uliotetemeka. Kilichoyafanya yaonekane ni dawa peke yake, kwa hiyo hayo ndiyo shahidi asiye na upande.

Kama namba ni nyeusi na zinasomeka bila kukodoa macho, huku vivuli vya picha vikiwa vitupu, dawa yako imefanya kazi yake na kosa lilitokea wakati wa kupiga: mwanga haukutosha. Kama namba nazo zimefifia, kijivu cha moshi, hapo ndipo tuongee habari za dawa, muda na joto. Na kama hakuna namba kabisa, ukanda mzima uko wazi kama kioo, dawa ilikuwa imekufa au ulianza kumimina fiksa, ambayo zamu yake ni baada ya dawa. Usicheke. Usiku wa manane, chupa mbili zinazofanana, yanatokea hata kwa waliozeekea chumba cha giza.

Kwa maelezo yako, naona tatizo ni mwanga. Na zile chembe unazolalamikia ni ugonjwa uleule. Negativu ikiwa nyepesi, skana inalazimika kuvuta kijivu kidogo kilichopo hadi kijaze picha nzima, na kinachovutwa pamoja nacho ni chembe na uchafu wa skana yenyewe.

Sasa nije kwenye hili la 3200, ambalo naletewa karibu kila wiki na linanichosha. Dawa ya kusafishia haitengenezi mwanga. Inachofanya ni kuzigeuza kuwa fedha nyeusi zile fuwele za filamu zilizokwisha kuguswa na mwanga. Fuwele ambayo haikuguswa inatakiwa iachwe kama ilivyo, fiksa ije kuiondoa. Dawa ikianza kugeuza na hizo, unachopata ni ukungu filamu nzima, na ukungu hauna nywele wala mikunjo ya nguo. Ni kweli dawa hazilingani: Microphen ya Ilford inakamua kivuli kidogo zaidi, Perceptol yao inakunyang'anya spidi ili ikupe chembe ndogo. Lakini faida hiyo ya Microphen ni sehemu tu ya stopu moja, na stopu moja ni mwanga mara mbili. Kutoka 400 hadi 3200 ni stopu tatu.

Utaniambia mbona Ilford wenyewe wanatoa muda wa HP5 Plus kwa 3200, dakika 16 ndani ya Microphen isiyozimuliwa. Ndiyo, wanatoa, nami nimeutumia mara nyingi. Ukirefusha muda hivyo, sehemu zilizopata mwanga zinazidi kuwa nzito, uso wa mtu unapanda hadi unachapika, na tofauti ya weusi na weupe inakuwa kali. Kivuli kinabaki kilekile. Mpiga picha wa jukwaani analijua hilo na amelikubali, kwa sababu anataka uso wa mwimbaji na ukuta wa nyuma haumhusu. Wewe unayelia kwamba vivuli ni vitupu ukifuata njia hiyo utalia zaidi.

Hiyo "dawa ya wanafunzi" nayo inahitaji mtetezi. ID-11 ni ndugu wa D-76 ya Kodak, iliyotungwa miaka ya 1920 kwa ajili ya filamu za sinema, na mpaka leo watengenezaji wengi wa filamu wanaipa muda wake kwenye majedwali yao. Siri haina: katika lita moja ya D-76 kuna metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Hiyo salfaiti nyingi inazilamba chembe pembeni, zinalainika. Ukiizimua 1+1 inabaki gramu 50, ulambaji unapungua, chembe zinajitokeza kidogo na kingo za picha zinakuwa kali zaidi. Unaona zinavyovutana? Ulaini wa chembe na ukali wa kingo ni kamba moja yenye ncha mbili. Ukiongeza na spidi, kamba inakuwa na ncha tatu. XTOL, inayotumia ndugu wa vitamini C, ndiyo inayosawazisha vizuri kuliko nyingi nilizozishika, na bado hakuna atakayeitoa HP5 ndani yake ikawa 3200 yenye vivuli vilivyojaa. Anayekuahidi vyote vitatu ndani ya chupa moja anakuuzia chupa.

Rodinal ni dawa nzuri, ya tangu 1891, nami siikosi rafuni. Inakaa miaka. Lakini ikizimuliwa 1+50 salfaiti inayobaki ni kidogo mno, hakuna wa kulamba chembe, zinasimama kama zilivyo. Juu ya hapo inapunguza spidi kidogo. Mtu mwenye chembe nyingi na vivuli vitupu kuambiwa ahamie Rodinal ni kutoneshwa kidonda. Huyo rafiki yako huenda anatumia filamu ya spidi ndogo na anapata picha za kupendeza. Za kwake, kwa filamu yake.

Fanya hivi. Piga roli moja ya HP5 Plus mita ya mwanga ikiwa kwenye 200, ili filamu ipate mwanga mara mbili, na mengine yote usiyaguse: ID-11 1+1, nyuzi 20, dakika 13. Tangi ligeuze mara nne mwanzoni, kisha mara nne kila dakika inapoanza. Dawa hiyo iliyozimuliwa ni ya kutumia mara moja na kumwaga. Kama ulikuwa unairudisha chupani, basi umeshapata nusu ya jibu. Kipimajoto kilinganishe na kingine, maana kila nyuzi moja inayozidi inakula karibu sehemu ya kumi ya muda, na inayopungua inadai kiasi hichohicho.

Huyo muuza dawa sasa. Nilipokuwa naanza nilinunua kwa fundi mmoja chupa ya kahawia isiyo na lebo. Nikamuuliza ndani mna nini, akasema ni siri ya kazi. Nikaipenda siri. Roli mbili za picha za familia, ambazo hazingeweza kupigwa tena, zikatoka wazi, hata namba za pembeni hazikuwepo. Nilipomrudia aliniambia filamu yangu ilikuwa mbovu, nikamwamini miezi kadhaa, kwa kuwa sikujua kutazama ukingo.

Macho pia hayasaidii. Rodinal ikikaa inageuka nyeusi kama lami na bado inafanya kazi. XTOL inaweza kuwa safi kama maji ya chemchemi na imekwisha kufa. Ndiyo maana lebo yenye jina na tarehe ya kuchanganywa ina maana kuliko sifa zote za muuzaji.

Kuna na suala la ngozi yako. Metoli inawasha mikono ya baadhi ya watu, na mzio huo ukishaanza hauondoki kirahisi. Pirogaloli, ambayo wapenzi wake wanaisifu kama uchawi, ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi. Mtu asiyekutajia kilichomo anakutaka uingize vidole gizani bila kujua umeshika nini. Hata wale wa kusafisha filamu kwa kahawa, vitamini C na magadi soda ya kufulia: njia yao inafanya kazi, nimeijaribu, inafurahisha. Ila kahawa ya mkebe huu si ya mkebe ule, kwa hiyo matokeo ya leo huyapati kesho, na magadi hayo yakikurukia jichoni hutakumbuka kwamba ni vitu "vya asili". Usiingize humo roli ya harusi.

Kama umeshamlipa na chupa unayo, kata ncha ya filamu, ile ya mwanzo ambayo imeshapigwa na mwanga, uitumbukize kwenye hiyo dawa hapohapo mezani, taa ikiwaka. Dawa ambayo haijafa inaifanya nyeusi ndani ya dakika chache. Ikibaki na rangi yake, mwaga. Ikiwa nyeusi, umejua tu kwamba inasafisha. Hujajua kwa muda gani, kwa joto gani, wala imetiwa nini. Na vaa glavu.