Sindano hizi haziyeyushi mafuta, zinatuliza njaa

Dada, umeuliza kama sindano hizi za homoni za kupunguza uzito, yaani semaglutaidi, "zinayeyusha mafuta". Hapana, haziyeyushi. Ukila, utumbo wako hutoa homoni iitwayo GLP-1. Hiyo huisaidia kongosho kutoa insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupa ubongo taarifa kwamba umeshiba. Tatizo ni kwamba homoni ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache tu. Semaglutaidi imetengenezwa kuiga kazi yake lakini idumu: baada ya wiki nzima karibu nusu bado imo mwilini, ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki.

Matokeo yake utayaona mezani. Unafika nusu sahani, unaisukuma pembeni, na yale mawazo ya chakula yaliyokuwa yakikuandama kutwa yanatulia. Kwangu hilo ndilo kubwa, maana watu wengi wameambiwa miaka nenda rudi kwamba hawana nidhamu, kumbe njaa yao ni ya kweli kabisa. Katika utafiti uliochapishwa 2021, walioitumia walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, wakipewa pia ushauri wa lishe na mazoezi.

Kichefuchefu ni cha kawaida, hasa dozi ikipandishwa, kwa hiyo huanzwa na miligramu 0.25. Mjamzito asiitumie. Na ukiacha, njaa hurudi na kilo nyingi hurudi nayo, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu mpango wa muda mrefu kabla ya sindano ya kwanza.