Uraia kwa kazi ya ubalozini: wasomaji wauliza

SWALI: Mdogo wangu ni dereva Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa. Wenzake wanamwambia akifikisha miaka 15 anapewa uraia. Ameshaanza kukitafutia mteja kiwanja chake cha Nala. Ni kweli?
Msomaji, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Dalali asubiri kwanza. Hakuna uraia unaotolewa ubalozini. Kilichopo ni viza maalumu ya uhamiaji kwa waliotumikia serikali ya Marekani nje ya nchi. Miaka 15 ilikuwa ndani ya sheria hiyo muda mrefu, lakini sheria imeguswa karibuni. Kiwango kinachomhusu yeye akaulize ofisi ya utumishi ya ubalozi, si wenzake wa gereji.

Kinachohesabiwa ni ajira ya moja kwa moja. Mlinzi anayelipwa na kampuni binafsi, hata akikaa getini miaka 20, hayumo. Na miaka ikitimia bado si haki: anajaza fomu DS-1884, mkuu wa ubalozi anapendekeza kwa kueleza upekee wa utumishi wake, kisha Washington inaamua. Ndiyo maana barua za pongezi na tathmini za kila mwaka zitunzwe tangu leo. Karipio la kimaandishi linaweza kumponza.

Akipata viza, mkewe na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21 wanaweza kwenda naye. Huko anakuwa mkazi wa kudumu tu. Uraia anauomba kwa fomu N-400 baada ya miaka 5 ya ukaazi, awe ameishi humo kimwili angalau miezi 30, na afaulu Kiingereza na maswali ya uraia. Miaka ya udereva Dar haipunguzi hata siku moja hapo. Wengi hukwama kwa safari: akija nyumbani akazidisha miezi sita mfululizo, ukaazi wake unaweza kuhesabiwa umekatika.

Kuhusu kiwanja: mkazi wa kudumu bado ni Mtanzania. Akiapa uraia wa Marekani ndipo anapoteza wa Tanzania, na asiye raia hana haki ya ardhi hapa sawa na raia. Hilo la kuuza liko mbali.

SWALI: Mtoto akizaliwa ndani ya jengo la ubalozi wa Marekani, si amezaliwa Marekani?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Hapana. Jengo lina kinga, ardhi ni ya Tanzania. Kuzaliwa humo peke yake hakumpi mtoto uraia wa Marekani.