Jibu: Nyanya za kitalu nyumba zinazooza kitako

Salamu. Umeeleza kwamba nyanya zako zinaota doa jeusi lililodidimia kitakoni, ilhali unaweka kila wiki naitreti ya kalsiamu, mbolea ya kuzuia uozo huu unaotokana na tunda kukosa kalsiamu. Kabla ya kuongeza mbolea, tia mkono hadi sakafuni mwa tangi la kuchanganyia mbolea: ukikuta ukoko mweupe kama chokaa, basi umeichanganya naitreti hiyo ikiwa nzito pamoja na mbolea zenye salfeti au fosfeti, zikagandana na kuziba vitundu vya mipira ya kumwagilia kwa matone, kosa ambalo mimi nalo liliniharibia safu mbili nzima. Tenga matangi mawili: moja la naitreti ya kalsiamu, jingine la mbolea hizo.

Tangi likiwa safi, tazama maji. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani, na tunda, ambalo hupoteza maji kidogo sana, hupata mabaki tu. Kwa hiyo udongo ukikauka mchana kisha ukaloweshwa kupita kiasi, tunda changa huikosa hata kama mbolea ipo tele. Nilipogawa maji yale yale mara nne kwa siku na kupunguza mbolea yenye amonia, matunda mapya yalitoka mazima. Yaliyokwisha kuoza hayaponi, yachume. Kunyunyizia majani hakufai kitu, kwani kalsiamu haihami kutoka jani kwenda tunda.