Je, DNA inaweza kuwa waya wa umeme?

Swali: Nimesikia kwamba DNA iliyotiwa metali inaweza kutumika katika vifaa vidogo mno vya elektroniki. Hilo linawezekanaje? – Msomaji, Morogoro

Jibu: DNA ndefu, ikiwa peke yake, hupitisha umeme kwa shida, hivyo mara nyingi hutumiwa kama kiunzi cha kubebea metali. Mwaka 1998, watafiti wa chuo kikuu cha Technion mjini Haifa, Israeli, walitandaza DNA kati ya elektrodi (ncha za kupitishia umeme) mbili za dhahabu zilizoachana kwa mikromita 12 hivi (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), wakaipachika ioni za fedha, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme, kisha wakazigeuza ioni hizo kwa kemikali kuwa chembe za fedha, hadi ukapatikana waya uliopitisha umeme, ingawa si kwa volti ndogo sana.

Katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, njia ilikuwa tofauti: ndani ya mmumunyo wenye alkali, ioni za zinki, kobalti au nikeli huingia katikati ya jozi za besi (sehemu zinazounganisha nyuzi mbili za DNA) na kuchukua nafasi ya protoni, yaani ioni za hidrojeni. Kwangu, njia hii inavutia zaidi, kwa sababu metali hukaa ndani ya DNA yenyewe, ambayo ina upana wa nanomita 2 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali waya ule wa fedha ulifikia takriban nanomita 100.